Stendi nyepesi ya kuchorea nje, kwa sisi tunaopanda vifodi na kutembea kwa miguu (Arusha na Moshi)

Mleta uzi, Arusha

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa wale wanaobeba rangi zao kwenda kuchora kule kule kwenye mandhari, siyo kunakili picha ya simu mezani. Unapanda kifodi (daladala ndogo) mpaka Tengeru, unashuka, unatembea mpaka Ziwa Duluti, ndipo unafungua mzigo. Vijana ninaochora nao huniuliza swali lile lile: kaka, nichukue stendi gani? (Ni kile kifaa cha kusimamishia picha unapochora, wengine wanakiita izeli. Mimi nitasema stendi, ndivyo mafundi wanavyonielewa.)

Stendi yangu ya kwanza ilikuwa ile ya sanduku, aina ya Kifaransa. Ni sanduku la mbao lenye droo ya rangi, miguu mitatu inayokunjwa na nguzo ya kushikia kanvasi. Kifaa kizuri mno kukitazama. Lakini ile kubwa, ikiwa tupu, ina kilo 6 hadi 7. Tia humo rangi za mafuta, tapentaini, matambara na maji ya kunywa, unakaribia kilo 10 begani. Nilikwenda nayo Duluti mara mbili. Mara ya tatu niliiacha nyumbani, nikachora nimekaa juu ya jiwe, kanvasi magotini.

Nikaenda upande wa pili kabisa. Nikanunua ya alumini, miguu mitatu ya kuvuta kama ya kamera, kilo moja na nusu hivi na mfuko wake. Njiani hata huisikii. Siku ya kwanza niliisimamisha juu ya Ngaramtoni, nikapaka kwa saa mbili, upepo ukaja. Kanvasi ya sentimita 40 kwa 50 ikaondoka na stendi yake, ikalala kifudifudi kwenye vumbi. Rangi ilikuwa mbichi. Niliumia sana siku ile, kwa sababu mwanga niliokuwa nimeupata kwenye mashamba ya chini sijaupata tena.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Kanvasi ni tanga. Upepo wa mita 8 kwa sekunde, ule ambao miti midogo huanza kuyumba, unaisukuma kanvasi ya ukubwa huo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja. Na msukumo wenyewe unapiga juu, usawa wa kifua, ambako nguvu ndogo inatosha kupindua. Stendi ya kilo moja na nusu itapona wapi?

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Uzito wa njiani na uzito wa kusimamia ni vitu viwili, na maduka yanatuuzia kana kwamba ni kimoja. Wa njiani ukatae kadiri unavyoweza. Wa kusimamia utaukuta huko huko unakokwenda, maana mawe yapo kila mahali kwenye miteremko ya Meru, na maji yapo. Beba kiroba kitupu au mfuko wa kitambaa (ile ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019), ujaze mawe ya kilo tatu au nne, uning'inize katikati chini ya stendi. Acha kitako cha mfuko kiguse ardhi kidogo, la sivyo utabembea na kuitikisa picha.

Jambo lenyewe halikuanza leo. Vincent van Gogh alipokuwa Arles, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1888, alichora katikati ya upepo mkali wa kule unaoitwa mistral. Alimweleza rafiki yake kwa barua jinsi alivyofanya: anachomeka miguu ya stendi ardhini, anapigilia kando yake vyuma vya sentimita 50, kisha anafunga vyote kwa kamba. Hakuitafuta stendi nzito. Aliifunga aliyokuwa nayo.

Nawakaribisha. Semeni mnatumia nini na mnachora wapi.

Mwalimu wa Moshi

Mleta uzi, asante sana. Nafundisha sanaa sekondari hapa Moshi, nina wanafunzi kumi na wawili wanaotaka kutoka nje kuchora. Stendi za kununua hatuwezi. Naomba pia niulize kwa nia njema: stendi ni lazima? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya baiskeli, na wanaofuata mtindo wake hadi leo wengi wanakaa tu, ubao umelazwa. Kazi zao zimefika dunia nzima.

Mleta uzi, Arusha

Mwalimu, swali lako ni zuri na sitaki kulijibu juu juu. Ile rangi ya baiskeli ni enameli, na huchuruzika ukiisimamisha, kwa hiyo kulaza ubao kunaifaa kazi ile. Tena mchoraji wa Tingatinga anatoa picha kichwani mwake, hana haja ya kutazama kilima kilicho mbele.

Wanafunzi wako wanatazama Kibo kisha wanatazama karatasi, mara mia kwa saa moja. Ubao ukiwa magotini, kila mara kichwa kinainama na kuinuka, na jicho linasahau rangi katikati ya safari hiyo. Ukisimamisha picha kando ya mlima, unahamisha macho tu. Pia unaweza kurudi nyuma hatua tatu ukaviona vyote viwili kwa pamoja, na hapo ndipo makosa yanapojionyesha. Nikiambiwa nitaje sababu moja tu ya kuwa na stendi, nitataja hizo hatua tatu.

Kuhusu gharama, njia ipo, na ndiyo ninayoitumia mimi sasa: tripodi ya kamera ya mtumba, na juu yake kisanduku kidogo alichotengeneza seremala. Wachoraji wa Ulaya wanakiita kisanduku cha pochade, neno la Kifaransa lenye maana ya mchoro wa harakaharaka. Kifuniko kikifunguliwa kinashika ubao wa picha, tumbo la chini ndiyo paleti, pa kuchanganyia rangi, rangi zinakaa humo humo. Changu kina upana wa sentimita 32, na 25 kutoka mbele hadi nyuma, plaiwudi ya milimita 6, uzito kilo moja na kidogo. Ukiongeza tripodi, jumla haifiki kilo 3.

Nilitumia shilingi 38,000 kwa vyote, tripodi ikiwemo, kwa sababu niliipata ina mguu uliokwama nikaufungua mwenyewe. Usilichukulie hilo kuwa bei ya soko.

Sasa sehemu inayowakwamisha watu wengi ni skrubu ya tripodi. Skrubu ya kamera ni ya robo inchi, yenye nyuzi 20 kwa kila inchi. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukasema nati ndogo, mara nyingi utapewa ya milimita 6. Kwa macho zinafanana kabisa. Lakini ya robo inchi ni nene kidogo, milimita 6.35, na nyuzi zake zimeachana zaidi, kwa hiyo haiingii. Ukiilazimisha unaua nyuzi za tripodi. Nenda na tripodi yenyewe dukani, jaribu nati kwa vidole, izunguke mpaka mwisho bila nguvu. Omba ile yenye meno ya kugongwa kwenye mbao. Inagongwa ndani ya kitako cha kisanduku, skrubu inaingia kutoka chini, na ukikaza meno yanazidi kuzama.

Fundi seremala, Ngarenaro

Naongezea hapo kwenye mbao. Mleta uzi amesema plaiwudi, sawa, lakini kwenye kona mtie fremu ya mbao halisi, maana milimita 6 haishiki skrubu ya pembeni, inapasuka. Usitumie mninga. Ni mbao nzuri lakini ni nzito bure kwa kazi hii. Paini inatosha, au grivea iliyokauka vizuri. Ukibahatika kupata mringaringa, hiyo ndiyo yenyewe: nyepesi, haipindi ovyo, na wazee wa Kichaga waliijua zamani, walichongea mizinga ya nyuki.

Bawaba wekeni mbili, siyo moja ndefu nyembamba. Na kile kipande cha kuzuia kifuniko kisidondoke, kata kijiti chenye mfereji, pitisha bolti, kaza kwa nati ya masikio. Kimoja kila upande. Kikiwa upande mmoja tu kifuniko kinajinyonga.

Mleta uzi, Arusha

Fundi, ubarikiwe. Hilo la kujinyonga limenitokea, nikadhani bawaba ndizo mbovu.

Mdau wa Njiro

Wakuu, mimi natofautiana nanyi. Nina stendi ya sanduku ya Kifaransa mwaka wa tisa sasa na sitaiacha. Tripodi za kamera zinatetemeka. Ukikandamiza brashi, picha inakukimbia. Mimi napiga kanvasi ya sentimita 60 kwa 80, kisanduku cha pochade hakiwezi hata kuiota. Na droo ya sanduku langu ni meza yangu, siinami kutafuta rangi chini.

Mleta uzi, Arusha

Mdau, uko sahihi kwa kanvasi hiyo. Nami ningekuwa nafika kwa gari mpaka mlangoni pa mandhari ningekuwa na lile sanduku. Ipo pia nusu yake, sanduku lililofanywa jembamba, ambalo lina kilo 4 hadi 5. Kwa anayetembea kidogo ni njia ya kati nzuri.

Kuhusu kutetemeka, nakubali kwamba tripodi nyingi hutetemeka, lakini sehemu kubwa ni namna tunavyozitumia. Watu wanavuta nguzo ya katikati kwanza kwa sababu ni rahisi. Iache chini kabisa. Vuta miguu, na anza na vipande vinene vya juu. Vile vyembamba vya mwisho vivute tu kama urefu haujatosha. Kichwa cha plastiki ndicho kibaya zaidi. Ukiwa dukani kaza kila kitu, shika juu, sukuma kama unavyosukuma brashi. Kikicheza tupu bila mzigo, kikibeba kisanduku kitacheza zaidi.

Angalia na kufuli za miguu. Zipo za kuzungusha na zipo za klipu. Kwa vumbi letu la Januari na Februari, vumbi jembamba la majivu ya volkano, mimi nimechagua za klipu kwa sababu nazisafisha kwa brashi kavu zikarudi kazini. Za kuzungusha zikimeza vumbi zinasaga, na kuzisafisha inabidi mguu wote utolewe.

Na hili la mguu upi ukae wapi. Stendi nyingi zina miguu miwili upande wako na mmoja nyuma. Upepo ukikujia mgongoni, unasukuma kanvasi kuelekea ule mguu wa nyuma, na huko stendi ina nguvu. Upepo ukitoka nyuma ya kanvasi, unaisukuma ipite kati ya miguu miwili ya mbele. Kama miguu imetanuka sawasawa, umbali wa kuipindua upande huo ni nusu ya ule wa upande wa mguu. Basi kabla ya kufungua mzigo rusha majani makavu, tazama yanakoelekea, ndipo uchague utasimama wapi. Ikibidi uelekee upepo kwa sababu mandhari iko huko, zungusha tripodi, mguu mmoja uje kwako.

Dada wa Marangu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi ni wa rangi za maji. Naona mazungumzo yote ni ya mafuta na akriliki, naomba na sisi tukumbukwe. Rangi ya maji ukiisimamisha wima inatiririka mpaka chini, lakini ukilaza kabisa inatuama. Nahitaji stendi inayoinama kutoka wima hadi bapa, na inayosimama popote katikati. Stendi ya alumini niliyonunua mtandaoni inainama mpaka nusu tu halafu basi. Muuzaji hakusema, na mimi sikuuliza.

Sasa natumia tripodi, na chini ya ubao wangu wa karatasi nimegongea ile nati ya meno mnayoisema. Kichwa cha tripodi kinainama kila upande, kwa hiyo ubao nao. Hakuna sanduku. Rangi ziko kwenye kopo dogo lililofungwa kwenye mguu kwa raba. Nakaa kwenye kigoda, kwa hiyo hata miguu ya tripodi sivuti yote, na ikiwa fupi hivyo upepo hauisumbui. Kinukamori naenda nayo mkono mmoja. Pale kwenye maporomoko changamoto siyo upepo, ni ule ukungu wa maji unaolowesha karatasi, inabidi nisogee nyuma.

Mleta uzi, Arusha

Dada, marahaba. Umefanya vizuri kulisema hili kabla watu hawajanunua. Wa rangi za maji asikubali stendi yoyote mpaka ameilaza bapa kwa mikono yake. Na hilo la kukaa lina maana kwa wote: stendi fupi inakaa imara kuliko ndefu, kwa kifaa kile kile.

Mwalimu wa Moshi

Wakuu, hapa kwetu kuna kitu kingine, muda. Mlima unafunguka alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu Kibo iko wazi, Mawenzi iko wazi, na siku nyingi kufika saa nne wingu limeshafunika. Nikiwa na vijana kumi na wawili, kila dakika ya kufunga na kukaza ni mlima unaotupotea.

Mleta uzi, Arusha

Mwalimu, hapo umegusa jambo nililopaswa kuliandika tangu mwanzo. Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Jua letu halipandi kwa kuzunguka mbali kama Ulaya, linapanda moja kwa moja. Kivuli kirefu cha asubuhi kinafupika ukikitazama. Mwanga mmoja unadumu kwa muda wa saa moja na nusu, labda mbili. Stendi ya sanduku, na skrubu zake za kukaza kila mguu, mimi ilinichukua kama dakika kumi. Tripodi na kisanduku ni dakika mbili, na rangi ziko tayari mahali pake tangu jana usiku. Wafundishe vijana kufungua na kufunga wakiwa darasani, mara kumi, kabla hamjatoka. Wafungue hata gizani.

Tena wape kisanduku kidogo. Ubao wa sentimita 20 kwa 25 unamalizika kabla wingu halijaja.

Kuhusu mwanga, stendi ielekezwe hivi kwamba jua lisipige picha wala paleti. Vyote viwili viwe kivulini. Picha ikipigwa na jua inang'aa, jicho linadanganywa, unazidi kutia giza. Ukifika nyumbani unakuta umechora jioni ya mvua. Ukitaka mwavuli chagua mweupe au wa kijivu. Mwekundu utamwaga wekundu wake juu ya kila rangi. Na usiufunge kwenye stendi nyepesi, ni tanga la pili. Funga kwenye kijiti chake ardhini, au simama chini ya mti.

Mdau wa Njiro

Mleta uzi, umenifikirisha kwenye hilo la dakika kumi. Na vumbi je? Mimi rangi ya mafuta huwa inarudi imejaa mchanga.

Mleta uzi, Arusha

Hilo halikwepeki lote. Mwaka 2017 wataalamu wa jumba la Nelson-Atkins kule Kansas City, Marekani, walikuta mabaki ya panzi ndani ya rangi ya picha ya mizeituni ya Van Gogh ya mwaka 1889. Alikaa humo zaidi ya miaka mia na hakuna aliyemwona. Kwa mchanga, usiuguse ukiwa mbichi. Acha rangi ikauke, kisha futa kwa brashi laini. Safari ya kurudi ndiyo mbaya zaidi, kwa hiyo kisanduku kiwe na mfereji ndani ya kifuniko ambao ubao mbichi unateleza na kukaa bila kugusa kitu. Kwenye kifodi ubao huo uko humo ndani, kisanduku magotini mwako, hakuna wa kuuegemea. Kama unapanda bodaboda, kila kitu kiwe ndani ya begi la mgongoni, kisizidi sentimita 50 au 60 kikiwa kimekunjwa. Mguu wa stendi uliotokeza pembeni unaweza kumkwaruza mtu au kumwangusha.

Na tafadhali, tusisimamishe stendi mbele ya kambi za jeshi na majengo nyeti. Sokoni nako, muombe mama mwenye meza kabla ya kumchora. Tengeru siku za soko, Jumatano na Jumamosi, nasimama pembeni kabisa, maana stendi ya miguu mitatu inakula njia ya wabeba mizigo.

Mwalimu wa Moshi

Narudi na mrejesho, wiki tatu baadaye. Seremala wetu amemaliza visanduku vinne vya mwanzo, paini na plaiwudi. Tumekipima kimoja kwenye mzani wa duka la nafaka: kilo 1.2. Nati za robo inchi tulizipata duka la tatu, mawili ya kwanza walitupa za milimita 6 kama ulivyosema. Tripodi tumepata tatu, ya nne mwanafunzi mmoja amefunga miti mitatu ya mianzi kwa mpira wa baiskeli na inasimama. Jumamosi tulikwenda msitu wa Rau. Vijana walirudi nyuma hatua tatu bila kuambiwa, nilifurahi mno kuwaona.

Shida moja: udongo wa kule ni laini, umelowa. Tukining'iniza mawe, miguu inazama, picha inalala upande.

Mleta uzi, Arusha

Mwalimu, mpe hongera huyo wa mianzi, na naomba picha ya jinsi alivyofunga pale juu.

Kwa udongo laini, chukua plaiwudi iliyobaki kwa seremala, kata vipande vitatu vya upana wa kiganja kwa kila stendi. Katikati ya kila kimoja chimba kishimo kidogo, usitoboe mpaka chini, ncha ya mguu ikae humo isiteleze. Weka vipande kwanza, kanyaga kila kimoja kwa kisigino, halafu ndiyo usimamishe miguu na kuning'iniza mawe. Vyote vitatu vinaingia ndani ya kiroba cha mawe wakati wa kurudi.